Okot p'Bitek na Swali la Ustawi: Maisha Yake Yakisomwa Kutoka Amagoro

Utangulizi

Katika eneo la Amagoro, magharibi mwa Kenya, neno maendeleo lina sura inayoonekana kwa macho. Ni foleni ya malori Malaba, ni reli, ni barabara ya lami, ni kituo cha pamoja cha forodha ambacho marais wa Kenya na Uganda walikizindua Busia mwaka 2018. Sehemu kubwa ya mambo haya ni ya kupita. Mizigo hutoka Mombasa, ikavuka mpaka na kuendelea hadi Kampala, Kigali na Juba. Wateso, ambao ni wenyeji wa eneo hili, walikuwa wakilima wimbi na mtama pande zote mbili kabla mpaka haujachorwa. Mwaka 1902, Waingereza walipolitoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, jamaa wa ukoo mmoja walijikuta raia wa nchi mbili. Hadi leo watu huvuka kwenda kuzika, kuposa na kunywa pombe ya wimbi kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja.

Hapo ndipo linapozuka swali. Mtu wa Amagoro akisema kwamba nyumbani kwake kuna heri, anapima kwa kipimo gani? Je, ni kwa fedha zinazopita barabarani, au ni kwa akiba ya wimbi ghalani, afya ya watoto na idadi ya jamaa wanaofika matangani? Wataalamu wa uchumi wamelijadili swali hili kwa miaka mingi, hasa tangu Umoja wa Mataifa ulipotoa ripoti yake ya kwanza kuhusu maendeleo ya binadamu mwaka 1990. Hata hivyo, katika Afrika Mashariki swali hili lilikwisha kuulizwa mapema zaidi, tena kwa ushairi. Aliyeliuliza ni Okot p'Bitek wa Uganda, aliyefariki mwaka 1982.

Okot hakuwa Mteso. Alikuwa Mwacholi wa Gulu, na lugha ya Kiacholi iko katika kundi la Kiluo ilhali Kiteso kiko pamoja na Kikaramojong na Kiturkana. Lakini alivuka mpaka wa Uganda na Kenya akiwa mtu aliyepoteza kazi kwao, akafanya kazi Kisumu, mji ambao si mbali na Busia. Alikijua anachokijua kila mkaazi wa mpakani, kwamba ramani ya serikali na ramani ya udugu ni vitu viwili. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kufuata uzi mmoja: jinsi alivyoshikilia kwamba jamii maskini ina maarifa yake kuhusu maisha mema, na jinsi msimamo huo ulivyomgharimu.

Malezi na elimu

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu katika shule za misheni ya Kiprotestanti. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji, mtunzi na mchezaji ngoma hodari. Kwa hiyo katika nyumba moja kulikuwa na shule mbili. Ya kwanza ilikuwa na daftari, Biblia na kengele. Ya pili ilikuwa na wimbo, hadithi na uwanja wa ngoma. Wengi wa kizazi chake walipewa shule mbili hizo, kisha wakafundishwa kuionea haya ile ya pili. Okot hakuionea haya, na nyimbo za mama yake zilibaki kuwa chemchemi ya utunzi wake maisha yake yote.

Alisoma Gulu, kisha King's College, Budo, na baadaye akapata mafunzo ya ualimu Mbarara. Alifundisha katika Shule ya Sir Samuel Baker karibu na Gulu. Alikuwa pia mwanakandanda wa kutajika. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 22, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Lak Tar, aliyoiandika kwa Kiacholi. Riwaya hiyo inamhusu kijana maskini, Okeca Ladwong, anayetaka kuoa lakini hana mahari. Anasafiri kusini kutafuta fedha, anafanya kazi ya jasho, na anapokuwa njiani kurejea kwao anaibiwa alichochuma.

Inafaa kusita kidogo juu ya kitabu hiki, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha kwamba Okot hakuanza uandishi wake kwa kuusifu umaskini. Wakati wa ukoloni, Acholi ilikuwa mojawapo ya sehemu za Uganda zilizotegemewa kutoa askari na vibarua, huku mashamba makubwa na viwanda vikijengwa kusini. Okeca ni mtoto wa mpango huo. Anachokitafuta ni ndoa, yaani nafasi yake miongoni mwa watu wazima wa kwao. Fedha ni njia ya kufika huko. Anapoibiwa, hasara yake haiishii katika shilingi, kwa sababu amepoteza pia mahali pa kusimama katika jamii. Tangu riwaya hiyo ya ujana, basi, Okot alikuwa ameutazama umaskini kwa jicho la utamaduni: aliyefukarika ni yule aliyezuiwa kutimiza yanayomfanya awe mtu mbele ya wenzake.

Uingereza

Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya Uganda, iliyokuwa katika ziara ya mechi kadhaa. Ziara ilipomalizika, yeye alibaki huko kusoma. Alianza na elimu katika Chuo Kikuu cha Bristol, akasoma sheria Aberystwyth, kisha akaenda Oxford kusomea anthropolojia ya jamii. Tasnifu yake ya shahada huko ilihusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango.

Oxford ilimpa maarifa na ikampa pia hasira. Baadaye alieleza jinsi, tangu mhadhara wa kwanza, walimu walivyowataja Waafrika kwa maneno ya kuwadunisha, na jinsi alivyopinga bila kusikilizwa. Kilichomkera kilizidi tusi lenyewe. Aliona kwamba taaluma iliyodai kuwaeleza watu wa vijijini ilikuwa ikiwauliza maswali ya mgeni, na majibu ya maswali hayo yakageuzwa kuwa maarifa. Imani yake ya Kikristo nayo ilififia katika miaka hiyo.

Mfano alioupenda kuutoa ulihusu lugha, na kwa hiyo unawagusa wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Wamisionari walipotaka kujua jina la Mungu muumba kwa Kiacholi, waliwauliza wazee ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na dhana hiyo, na swali likaishia kuwa ni nani anayewafinyanga watu. Wazee walijibu kwa jina la pepo aliyeaminika kuwapinda watu uti wa mgongo. Jina hilo likaingizwa katika sala. Kwa Okot, huu ulikuwa ushahidi wa hatari ya kuwahudumia watu bila kujua wanayaita mambo yao kwa majina gani. Anayeleta wokovu, dawa au mradi bila kujifunza maneno ya wenyeji huenda akawapelekea ugonjwa kwa jina la uponyaji.

Gulu, Kampala na Wimbo wa Lawino

Okot alirejea Uganda katikati ya miaka ya 1960, nchi ikiwa huru. Alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Makerere na kuandaa tamasha la sanaa Gulu, kisha akawa mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maigizo mjini Kampala. Jumba hilo lilikuwa limezoea tamthilia za Kiingereza zilizotazamwa na watu wachache. Okot alifungua milango kwa ngoma, nyimbo na wasanii wa vijijini. Aliamini kwamba utamaduni ni falsafa inayoishiwa na watu kila siku, na kwamba ukishafungiwa katika kabati la makumbusho huwa umekufa.

Mwaka 1966 shirika la uchapishaji la East African Publishing House, Nairobi, lilitoa Song of Lawino. Okot aliutunga utenzi huo kwanza kwa Kiacholi, kisha akautafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Toleo la Kiacholi lilitoka mwaka 1969, na mwaka 1975 lilitoka toleo la Kiswahili, Wimbo wa Lawino, lililotafsiriwa na Paul Sozigwa wa Tanzania. Ni kupitia kwa tafsiri hiyo kwamba Lawino ameingia katika madarasa ya Kiswahili.

Lawino ni mke asiyesoma ambaye mumewe, Ocol, amesoma na sasa anamdharau. Wahakiki wengi wameuona utenzi huu kuwa mgongano wa mila na usasa. Usomaji huo ni sahihi lakini haujakamilika. Ukiutazama mpangilio wa malalamiko ya Lawino, utaona kwamba anapitia nguzo za ustawi moja baada ya nyingine: chakula na jiko, malezi, matumizi ya wakati, maradhi na tiba, ibada, ngoma, na hatimaye siasa. Katika kila nguzo anaonyesha kwamba watu wake wana utaratibu wenye sababu. Kwake mtoto hunyonyeshwa anapolia, bila kungoja saa ya ukutani. Katika maradhi hakatai kwamba dawa za kigeni zina nguvu. Anachokataa ni kuambiwa kwamba miti shamba ya kwao haina nguvu yoyote. Na anapofika kwenye siasa, anashangaa kuona mumewe na ndugu yake wa kuzaliwa wamegawanywa na vyama hata hawatembeleani, ilhali njaa, maradhi na ujinga viko palepale.

Kiini cha utenzi kimo katika methali ya Kiacholi inayokataza kung'oa boga lililoota kwenye mahame. Wahakiki huitaja methali hii kuwa wito wa kuhifadhi mila. Lakini boga ni chakula kwanza. Mahame ni mahali palipohamwa, na mmea uliobaki pale unaweza kumlisha yeyote atakayepita akiwa na njaa. Anayelingoa haongezi kitu katika mji wake mpya, ila anaharibu akiba ya watu wengine. Kwa hiyo Lawino hamwombi Ocol arudi nyuma. Anamwomba asiharibu kile ambacho hakimzuii kwenda mbele, na ambacho kwa maskini ndicho kinga ya mwisho.

Hapa lugha ya Kiswahili inaweza kutusaidia kuona tofauti. Maendeleo ni neno la safari. Limetokana na kwenda, na humfanya msikilizaji aulize watu wamefika wapi. Ustawi hutajwa hata kwa mimea. Mahindi husemwa yamestawi yalipo, kwa udongo wake na mvua yake. Ocol ni mtu wa maendeleo. Lawino ni msemaji wa ustawi.

Uhamishoni: Kisumu na Nairobi

Kazi ya Kampala haikudumu. Okot alikuwa msema kweli asiyepima maneno mbele ya wakubwa, na aliwakosoa hadharani viongozi wa Afrika huru kwa kuendelea kutawaliwa kifikra. Alifutwa kazi alipokuwa akirejea kutoka safari ya Zambia. Ndipo alipohamia Kenya na kuajiriwa katika idara ya masomo ya nje ya chuo kikuu mjini Kisumu, idara iliyowapelekea elimu watu wazima nje ya kuta za chuo.

Kisumu haikumfanya anyamaze. Mnamo Desemba 1968 aliandaa tamasha la sanaa lililoufanya mji huo wa bandari uwe ukumbi wa ngoma, uchoraji na maigizo. Ni rahisi kuliona jambo kama hilo kuwa anasa katika eneo lenye shida nyingi. Okot aliliona kinyume. Katika kijiji maskini, ngoma ni mahali ambapo vijana huchumbiana, wazee huheshimiwa, kiongozi mbaya hutungiwa wimbo wa kumuumbua na waliofiwa huliwazwa. Ukiiondoa umeondoa mahakama, chuo na hospitali ya roho kwa mkupuo mmoja, tena bila kuweka chochote badala yake.

Alikwenda Marekani kwa muda katika programu ya waandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa, kisha akarejea Kenya na kuwa mtafiti na mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Miaka hii ilikuwa ya mavuno. Song of Ocol ilitoka mwaka 1970. Mwaka 1971 alichapisha nyimbo mbili katika juzuu moja, ya mfungwa na ya malaya, zilizomletea Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1972. Mwaka huohuo wa 1971 ulitoka utafiti wake kuhusu dini ya Waluo wa Kati, ambao Oxford ilikuwa imeukataa kuwa tasnifu ya uzamifu. Humo alishikilia kwamba dini ya Waacholi haikujishughulisha sana na muumba wa mbali. Ilijishughulisha na maisha mema hapa duniani: mvua, uzazi, afya, mavuno na amani kati ya jamaa. Mwaka 1974 alitoa mkusanyiko wa nyimbo za Kiacholi, na mwaka 1978 ngano.

Wakati huohuo, tangu mwaka 1971, Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin. Wakimbizi walivuka Busia na Malaba, na udugu wa mpakani ukawa jambo la kuokoa maisha. Okot hakuweza kurejea kwao. Mtu aliyefundisha kwamba heri ya mtu imo katika watu wake aliishi miaka mingi mbali na watu wake.

Ukosoaji

Haitakuwa haki kumsimulia Okot bila kutaja hoja za waliompinga. Hoja ya kwanza inahusu jinsia. Lawino ni sauti ya mwanamke iliyotungwa na mwanamume, na anakubali mambo ambayo wanawake wengi wasingeyakubali, kama vile mume kuoa mke wa pili. Je, mila ileile inayomlinda mtoto mwenye njaa haimfungi mama yake? Hoja ya pili inamhusu mwandishi mwenyewe. Okot alifika Bristol, Aberystwyth na Oxford kabla ya kuitetea hekima ya kijijini, na huenda aliyekwisha kushiba shule akaona wepesi kuisifu jamii isiyo na shule. Hoja ya tatu ni ya tumbo. Ngoma haitibu malaria, na methali haijengi daraja.

Okot hakuziepa hoja hizi kabisa. Alimpa Ocol wimbo wake mwenyewe, na Ocol anauliza maswali makali kuhusu maradhi, njaa na unyonge wa Afrika. Katika wimbo wa mfungwa, maskini wa mjini analia kwa sababu watoto wake hawana chakula, na hakuna mila inayokuja kumkomboa. Ni dhahiri kwamba Okot alijua mahali ambapo jibu la Lawino linaishia. Asichokifanya ni kuandika mpango wa kuziunganisha sauti hizo mbili. Aliziacha zikabiliane, na mgogoro huo bado haujasuluhishwa.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1978 Okot alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria. Baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, alirejea Makerere. Hakupata muda mrefu. Alifariki Julai 1982 akiwa na umri wa miaka 51.

Miaka minne baada ya kifo chake, insha zake zilikusanywa na kuchapishwa chini ya jina Artist, the Ruler. Humo anapinga dhana mashuhuri kwamba binadamu huzaliwa huru. Kwa Okot, mtoto huzaliwa akiwa amefungwa kwa kitovu, na kitovu kikishakatwa bado hubaki vifungo vya kuwa mwana, ndugu, mjukuu, mke, jirani. Vifungo hivyo ndivyo vinavyomfanya mtu. Hoja hii inaleta maana mpya katika kazi zake zote. Ikiwa mtu ni mahusiano yake, basi umaskini ulio mbaya zaidi ni kukatikiwa na mahusiano, na mradi wowote unaoongeza kipato huku ukivunja mahusiano umetoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine.

Hitimisho

Okot aliacha swali ambalo linaweza kuulizwa Amagoro leo. Barabara, forodha na soko vina faida, na hakuna mzazi wa Malaba anayetaka mtoto wake akose zahanati. Lakini mpango unaohesabu malori bila kuhesabu matanga hauujui mji unaoupangia. Ukimkuta mama wa Kiteso anayegawa wimbi kwa dada yake aliye ng'ambo ya mto, vitabu vya serikali vitasema kwamba ametoa bidhaa nje ya nchi bila stakabadhi. Yeye mwenyewe atasema kwamba ameweka akiba mahali ambapo ukame hauifikii.

Kazi ya kuyasikia maelezo ya mama huyo na kuyaandika kwa haki ni ya wanalugha kabla ya kuwa ya wachumi. Wanafunzi wa Kiswahili wana Wimbo wa Lawino mikononi, lakini maneno ya Kiteso yanayotaja heri, ufukara, shibe na amani bado yanahitaji kukusanywa, kufafanuliwa na kulinganishwa na yale ya Kiswahili. Okot alianza kazi ya namna hiyo kwa nyimbo za mama yake. Waliozaliwa Amagoro, Amukura, Busia na Malaba wana wazee wa kuwauliza, na wazee hao hawatakuwapo daima.